Pingamizi la Bibi Hildegardi

SEHEMU YA SABA

"Pingamizi lipo!"

Kama gazeti la juma lililopita lilishafungiwa dagaa kabla hujalimaliza, pole, nitakueleza upesi. Ilikuwa Jumapili, tangazo la tatu na la mwisho la ndoa ya Joakim na Siwema. Padri Ignatio alikuwa ameuliza kama kuna mtu anayejua sababu ya kuizuia ndoa hiyo. Aliuliza kama anavyouliza siku zote, huku akigeuza ukurasa. Hakutegemea jibu.

Jibu lilitoka benchi la tatu, upande wa akina mama. Bibi Hildegardi, mama mzaa baba wa Joakim, mwenye miaka sabini, alikuwa amesimama na rozari mkononi.

"Padri, huyo kijana ana mke," alisema. "Mke mwenyewe ni mimi."

Kanisa lilicheka mpaka watoto wachanga wakaamka. Nani Mbinga nzima asiyeujua utani huo? Joakim alirithi jina la babu yake, marehemu mume wa Bibi Hildegardi, na tangu siku aliyobatizwa bibi alimwita "mume wangu". Kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa ya Joakim, hata kabla hajaota meno ya kuitafuna. Wageni wakija bibi aliwaambia, "Subirini kidogo, mwenye nyumba amelala." Mwenye nyumba alikuwa na miezi minane.

Joakim naye alicheka. Ila alijikuta anacheka peke yake, maana wenzake walikuwa wamekwisha kuuona uso wa bibi.

"Mama Hildegardi," alisema Padri, "utani tunauacha mlangoni."

"Sitanii, Baba. Nina ushahidi, na mashahidi wamekaa humu humu." Bibi aligeuka akalitazama kanisa. "Alhamisi iliyopita huyu Joakim alisimama kwenye video ya Wendelin, pale sokoni, akatangaza kwa kinywa chake mwenyewe: mtu akifa akarudi, na jina lake akarudi nalo, basi na mkewe ni mkewe. Alisema, hakusema?"

"Alisema!" waliitikia vijana wa mabenchi ya nyuma. Litania hawajawahi kuiitikia kwa moyo namna ile.

Katekista Mansuetus alifumba macho kwa furaha. Tangu video iingie mjini, mafundisho yake ya Alhamisi yalikuwa yamebaki na watoto wanne, na mmoja wa hao alikuwa mwanawe.

"Ofisini kwangu," Padri alisema. "Wote wanaohusika. Baada ya misa."

Mdomo uliponza kichwa, ndugu msomaji, na wa Joakim ulikuwa umeanza kazi hiyo siku nyingi. Mambo yalipokuwa ruksa, Wendelin alishusha Mbinga jenereta, televisheni na deki, akajenga kibanda cha mabati, akaanza kuonyesha filamu za Kihindi. Tatizo likawa moja tu. Watu walitaka kujua wale wanaolia wanalilia nini.

Ndipo Joakim akajitokeza. Alisema alifanya kazi miaka miwili katika duka la Mhindi kule Songea. Ni kweli, alifanya: alikuwa nje, anashusha magunia. Kihindi alichorudi nacho nyumbani kilikuwa maneno matatu, na mawili kati ya hayo ni ya kumfukuza mbwa.

Lakini sauti alikuwa nayo, na uongo wake ulikuwa mtamu. Alisimama kando ya televisheni na fimbo, akamsemea mchumba, akamsemea adui, akamsemea mama mkwe, na siku nyingine akamsemea hata farasi. Watu walikuwa wanatoka Liparamba kuja kumsikiliza.

Sasa Alhamisi ile filamu ilikuwa ya kijana aliyeuawa katikati. Alisukumwa kutoka mlimani, akafa kabisa, akachomwa moto watu wakimwona. Mara sura yake ikatokea tena, kazaliwa kwa watu wengine, kawa mkubwa. Alipofikishwa mbele ya nyumba yake ya zamani, akakumbuka kila kitu. Mjini huko nasikia watu walibishana juma zima. Mbinga hawakubishana hata dakika moja.

"Amerithi jina!" wakapiga kelele. "Kumbe na wao wanarithi majina!"

Ndipo akatoka mwanamke mzee mwenye nguo nyeupe, akamkumbatia yule kijana, akalia mpaka akazirai. Watu wote wakamgeukia Joakim. Ni nani huyu?

Mimi na wewe tungesema huyo ni mama yake wa maisha yale ya kwanza. Joakim wala hakuliwaza hilo. Kwao, bibi kizee akimkumbatia kijana na kumlilia, ni nani kama si mkewe?

"Mkewe huyo!" akatangaza. "Mjane amemtambua mumewe! Na sheria yao inasema, akirudi na jina, na mkewe ni mkewe!"

Akina mama walipiga vigelegele. Bibi Hildegardi alikuwa amewekewa kigoda mbele kabisa, kwa heshima ya mjukuu wake. Yeye hakupiga. Alikaa kimya akiwaza, na aliendelea kuwaza mpaka Jumapili.

Haya, turudi ofisini.

Padri alikaa nyuma ya meza, Katekista Mansuetus pembeni yake na kitabu cha ndoa. Siwema alikaa karibu na Joakim, amemshika mkono, kidevu juu. Upande wa pili alikaa baba yake Siwema, Mzee Bartholomayo wa Chiwanda, aliyepanda milima na lori la samaki pamoja na nusu ya ukoo.

"Baba Padri," alisema Mzee Bartholomayo, "mimi ni mtu wa ziwani, mambo ya huku juu siyajui. Lori linarudi saa nane. Harusi ni Jumamosi. Ikiwa ipo, tunabaki. Ikiwa haipo, napanda na binti yangu na samaki wangu wa harusi, tunakwenda zetu. Sitakaa juma zima nichekwe."

Saa ya ukutani ilikuwa saba na nusu.

"Mama," Padri alimgeukia bibi, "unataka nini hasa?"

"Nataka apimwe. Kwenye video kijana aliulizwa mambo ya zamani, akayajibu. Na huyu aulizwe. Akikosa, naondoa pingamizi langu."

"Kanisa halina habari za mtu kurudi kwa mlango wa nyuma. Mtu anakufa mara moja, anasubiri ufufuko." Padri alitazama saa. "Lakini umesema akikosa unaondoa?"

"Naondoa."

"Muulize."

Joakim nusura aruke. Kukosa tu! Kuna kazi rahisi kuliko kukosa? Shuleni alikosa miaka saba bila kufundishwa na mtu.

Bibi alisafisha koo. "Siku ya harusi yetu, tulipobaki wawili, ulinipa nini?"

Joakim alitafuta upuuzi mkubwa kuliko wote aliokuwa nao kichwani.

"Kiatu kimoja," alisema.

"Yesu na Maria!" Bibi alishika kifua. "Kiatu kimoja! Cha pili alinipa nilipojifungua mtoto wa kwanza. Alisema mwanamke mwenye viatu viwili anaweza kutembea mpaka kwao!"

Katekista alifanya ishara ya msalaba. Mzee Bartholomayo alisogeza kiti chake, akakaa mbali kidogo na mkwewe mtarajiwa.

"La pili," alisema bibi, na sauti ilikuwa inatetemeka. "Tukiwa shambani wenyewe, hakuna wa kutusikia, ulikuwa unaniitaje?"

Safari hii Joakim alichagua cheo cha bwana mkubwa wa wilaya enzi za wakoloni, jina ambalo hakuna mume mwenye akili timamu angempa mkewe.

"Bwana Shauri."

"Ni yeye!" Bibi alianza kulia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Bwana Shauri! Nikimgombeza alisema, Bwana Shauri, nipunguzie kifungo!"

Siwema aliuachia mkono wa Joakim.

"Anadanganya!" Joakim aliruka kitini. "Baba, anadanganya huyu! Ningesema nilimpa tairi la trekta angesema ndilo! Mimi nimebuni tu!"

Padri Ignatio aliweka kalamu mezani, polepole.

"Umebuni?"

"Nimebuni, Baba!"

"Kama unavyobuni kwenye video?"

Ala! Hapo Joakim aliona mtego ulipo, na mguu ulikuwa umekwisha kuingia. Akishikilia kwamba Kihindi anakijua, sheria yake mwenyewe inamwozesha bibi yake. Akikana, anaponea kwa bibi, lakini kazi ndiyo imekwisha. Na kazi haikumuuma sana. Kilichomuuma kilikuwa kimekaa pale kando yake. Siwema alipopanda Mbinga kuuza samaki mwaka juzi, kilichomvuta kwa Joakim ni Kihindi kile kile.

Akasema chini chini, "Sijui Kihindi."

"Sema tena, Katekista hakusikia."

Katekista alisikia vizuri sana, tena alikuwa ameshaandika.

"Sijui Kihindi! Sijui hata kidogo! Yule mama wa kwenye video labda ni mkewe, labda ni mzazi wake, labda ni mpishi, mimi sijui!"

Siwema akauliza, kwa upole uliomtisha kuliko kelele zote za siku ile:

"Na yale uliyoniambia mimi?"

"Yapi?"

"Unayajua. Nyuma ya kibanda cha Wendelin. Nimeyakariri yote. Nikikosa usingizi nayasema polepole mpaka nalala. Yana maana gani?"

Joakim alitazama viatu vyake. "Ni majina. Yale yanayopita mwanzoni filamu ikianza. Mpiga picha. Wapiga ngoma. Wa mwisho, yule uliyempenda zaidi, nadhani ndiye aliyeshona nguo."

"Kwa hiyo miaka miwili nalala na jina la fundi cherehani," alisema Siwema.

Mzee Bartholomayo alikohoa. Padri alipata shughuli ya ghafla kwenye droo ya meza.

"Joakim, nitakupiga," alisema Siwema. "Si leo, baba yangu yupo. Lakini nitakupiga." Akakaa vizuri zaidi kitini, wala hakuondoka. Joakim alijisikia kama mtu aliyehukumiwa kunyongwa akaongezewa siku.

"Basi," Padri alisema, "kijana amekiri. Mama, sasa na wewe uondoe pingamizi lako, sote tukale."

"Siondoi."

"Mama! Hata la kiatu lilikuwa uongo?"

"Uongo mtupu. Marehemu hakuwa na akili ya kuwaza kiatu. Siku ya harusi alinipa mgongo, akakoroma mpaka asubuhi." Bibi alifuta pua na ncha ya kitenge. "Lakini pingamizi siondoi. Akioa huyu anahamia Chiwanda."

Ni kweli. Mzee Bartholomayo alikuwa amekwisha kujenga kibanda cha video kule ziwani, na Wendelin alikuwa ameahidi deki ya pili. Mkalimani alikuwa Joakim.

"Miaka ishirini na sita marehemu yuko kaburini," bibi aliendelea, "na tangu huyu azaliwe hakuna siku jina hilo halikuitwa uani kwangu. Asubuhi naita, Joakim, amka. Jioni naita, Joakim, njoo ule. Watu wanasema natania. Waache waseme. Mimi nikiita, mtu anaitika! Huyu akishuka ziwani nitamwita nani? Nimwite mbuzi? Mume wangu atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii hakuna atakayekuja kunipa pole."

Hakuna aliyecheka. Hata Katekista Mansuetus aliacha kuandika.

Joakim alikuwa amekula firigisi zote zile akidhani anapendwa yeye peke yake. Hakujua kwamba kila alipoitika "naam", alimwitikia na mtu mwingine. Aliona aibu, tena alimpenda bibi yake kuliko siku nyingine yoyote.

Siwema ndiye aliyeinuka. Alipiga magoti mbele ya kiti cha bibi.

"Shikamoo, mke mwenzangu."

Ndivyo mke wa mjukuu anavyopaswa kumwita, na bibi, apende asipende, ilibidi aitike. "Marahaba."

"Mimi sikuja kukunyang'anya. Wewe utamwita asubuhi, mimi nitamwita jioni. Tutakaa hapa hapa kwako. Chiwanda hatuendi."

"Hatuendi?" Mzee Bartholomayo alisimama na kiti nusura kimfuate. "Nani hatuendi? Nguzo nimesimamisha! Mabati nimepiga! Chiwanda nzima inasubiri filamu, wewe unasema hatuendi! Mtu wa milimani nilimkubali kwa ajili ya video, na kila mtu anajua. Asipohama, hakuna ndoa!"

"Lakini Mzee," Padri alisema, "umesikia mwenyewe, kijana hajui Kihindi."

"Kwani Chiwanda nani anakijua?"

Nje lori likapiga honi. Dereva alikuwa ameanza kuita abiria wake. Mzee Bartholomayo alimshika binti yake mkono, Siwema akaukaza mwili akabaki pale pale sakafuni, na wote wawili wakamtazama Joakim.

Abaki Mbinga, Siwema anaondoka na lori. Ahame, anamfukia babu yake kwa mkono wake mwenyewe. Alitafuta uongo wa kumtoa hapo, mmoja tu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakuta ghala tupu.

Kwa hiyo alisema kweli.

"Bibi, twende wote." Alichuchumaa kando ya Siwema, akaishika mikono ya bibi pamoja na rozari yake. "Nitakujengea chumba. Uniite asubuhi, uniite mchana, uniite hata nikiwa nimekaa mbele yako. Kahawa yetu baba mdogo ataiangalia, na ngoro zile, mashimo yetu ya mlimani, atazilima yeye. Sikuachi. Na hili, haki ya Mungu, sijabuni."

"Chumba kipo tayari!" Mzee Bartholomayo alidakia, hasira zote kwisha. "Mama, samaki utakula mpaka useme basi!"

Siwema alianza kulia na kucheka kwa pamoja. Padri aliichukua kalamu. "Deo gratias. Mama, kila mtu amepata alichotaka. Nafuta pingamizi."

"Siendi," bibi alisema.

Kalamu ilisimama.

"Ziwani siendi. Bora niitwe mjane mara kumi." Uso wake ulikuwa umebadilika. Hapakuwa na ukaidi tena, palikuwa na hofu. "Sijashuka huko tangu usichana wangu, na sishuki."

"Unaogopa maji, Bibi?" Joakim aliuliza.

"Maji sina ugomvi nayo."

"Ni nini, basi?"

Bibi aliizungusha rozari kwenye vidole mpaka ikakaza. "Kulikuwa na kijana," alisema. "Kabla ya marehemu. Alikuwa anapanda milima mpaka kwetu Ukata na kapu la mbasa, samaki wa ziwani waliokaushwa, anabadilisha kwa maharage ya baba yangu. Tukaahidiana. Alisema, ningoje, mvua zikiisha nakuja na wazee. Mvua zikaisha. Nikangoja."

"Ukangoja muda gani?" aliuliza Padri.

"Wiki mbili."

"Wiki mbili tu?"

"Baba, nilikuwa na miaka kumi na saba, wiki mbili zilikuwa nyingi! Joakim akaja na mbuzi. Nikaolewa." Bibi alishusha sauti. "Yule kijana alifika siku ya tatu ya harusi. Alisimama nje ya uzio, akanitazama. Akaweka kapu chini, akaondoka zake. Na samaki wale tuliwala sisi. Walikuwa watamu, Mungu anisamehe. Sasa nishuke ziwani, nimtazame kwa macho gani?"

"Bibi," Joakim alisema taratibu, "mpaka leo si atakuwa amekwisha kufa?"

Mzee Bartholomayo hakuwa anapiga kelele tena. "Jina lake nani, Mama?"

"Nicholaus. Hana kidole hiki cha mwisho, kilikatwa na kamba ya wavu."

Siwema alijiziba mdomo. Mzee Bartholomayo alikitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Mama," alisema, "huyo si marehemu. Huyo ni baba yangu."

"Yu hai?"

"Yu hai, na mama yetu alishatangulia miaka sita iliyopita. Tumekuja naye kuozesha mjukuu. Miguu inamsumbua, ndiyo maana hakuingia kanisani. Yuko hapo nje, kwenye lori."

Bibi Hildegardi, aliyelikabili kanisa zima asubuhi bila kutetemeka, alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, akakifunga vibaya. Nje fimbo ilikuwa inagonga ngazi za baraza, moja baada ya nyingine, polepole.

"Mume wangu," alimnong'oneza Joakim kwa mazoea, "nifiche."

Hapakuwa na pa kumficha. Fimbo ilifika mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo," ilisema sauti ya mzee. "Huku nje wananiambia humo ndani yumo Hildegardi wa Ukata, anazuia harusi ya mjukuu wangu. Mwambieni na mimi nina pingamizi langu, la tangu mwaka arobaini."